Waya Uliopata Homa

Furaha mwanangu,

Saa hii uko kwa Maman Aline unamuaga, na nina hakika umewekewa sahani ya pili ya sombe, yale majani ya muhogo, na umeikubali, ingawa ulishakula hapa nyumbani, na ulishakula tena kwa wale wa kanisani. Ukitoka hapo utapita kwa mwenye duka la chumvi. Atakupa kifurushi umpelekee shangazi yake wa Kigali ambaye hata hujui anakaa mtaa gani, nawe utakipokea kwa mikono miwili. Jua halijazama bado. Nimekaa kwenye kigoda cha Papa yako nje ya mlango wa jikoni, na nina muda wa kuandika mpaka utakaporudi umejaa kama gunia.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala dawa ya malaria, wala namna ya kuficha hela kwenye soksi. Hayo nimeshayasema mpaka umeanza kuitikia kabla sijamaliza. Kesho unakwenda Nairobi kujifunza kutengeneza ndege ndogo. Mikono yako ni myembamba na inafika pale ambapo mikono ya wanaume haifiki, kwa hiyo kazi watakayokupa kwanza itakuwa kupitisha nyaya. Juu ya mikono yako sina wasiwasi, maana niliifundisha mimi na Papa yako akaimalizia. Wasiwasi wangu ni mdomo wako, mwanangu, mdomo usiojua kusema hapana.

Usikasirike. Ulipokuwa darasa la nne ulibeba mikoba ya wenzako watatu kutoka shule kila siku, na nilipokuuliza kwa nini, ulisema waliomba vizuri. Ulipokuwa msichana mkubwa uliimba sauti ya kwanza kwaya nzima ya Pasaka na koo limevimba, kwa sababu mwalimu alisema hakuna mwingine. Ndivyo ulivyo, na watu wanakupenda kwa hilo. Lakini unakwenda mahali ambapo fundi mkubwa atautazama waya ulioufunga wewe na kusema unatosha, turushe, na wewe utakuwa unajua kwamba hautoshi. Nataka nikusimulie habari ya ndege yetu. Nusu yake unaijua, maana Papa yako alikuwa akiisimulia kwa kunicheka. Nusu nyingine hakupenda kuisimulia.

Ulinikuta nauza nyaya sokoni Kamembe, kwa hiyo labda unadhani nilizaliwa nazo. Nilikuja na mama yangu kutoka Bukavu nikiwa msichana. Yeye aliuza samaki wadogo wa ndagala, mimi niliuza chochote alichoniachia mjomba: viberiti, koroboi, baadaye soketi, baadaye nyaya. Nyaya zilinishika. Wateja wa wakati ule walinunua waya kwa kuubana kwa vidole viwili kama mtu anayechagua parachichi. Ukiwa mnene wanachukua. Lakini kulikuwa na nyaya zenye ganda nono la plastiki na shaba nyembamba ndani, na nyingine zenye ganda jembamba na shaba ya kutosha. Nilikuwa na kisu kidogo, nachuna ncha, nawaonyesha, nawaambia unene wa koti si unene wa mtu. Wengine walishukuru. Wengine walisema nawaharibia waya, wakaenda kwa jirani yangu aliyeuza manono.

Papa yako alifika siku moja akiwa na grisi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa fundi wa magari katika garaji iliyokuwa karibu na stendi. Akataka waya mnene. Nikamuuliza ni wa kupeleka nini, na mpaka wapi. Hakufurahi.

"Wee uko nauza waya, ao uko polisi?"

Nikamjibu kwamba bila kujua umeme kiasi gani utapita humo, na safari yake ni ndefu kiasi gani, simuuzii kitu. Kesho yake alirudi na majibu. Kesho kutwa alirudi bila kuhitaji waya wowote, na mwenye macho haambiwi tazama: mama yangu alianza kumwekea kiti.

Ulipozaliwa, Papa yako alikuwa tayari na wazimu wake. Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa, aliporudi kwao, alimwachia rundo la magazeti ya Kifaransa, na katika moja kulikuwa na michoro ya ndege ya viti viwili, ya mbao na kitambaa, ambayo mtu anaweza kuijenga mwenyewe uani kwake. Mtu mwingine angefungia sabuni magazeti yale. Papa yako aliibandika michoro ukutani, juu ya kitanda chetu. Mbao za sipresi alizifuata kijijini Nkungu, akizichagua mojamoja kwa kuzigonga na kuzisikiliza. Injini ilitoka katika gari dogo lenye mgongo wa duara lililokuwa limeanguka mtaroni. Ua wetu ulijaa mbavu za ndege, nikawa naanika nepi zako juu ya bawa la kushoto, kwa sababu la kulia lilikuwa bado lina gundi mbichi.

Magazeti yalieleza kila kitu juu ya mbao, gundi na kitambaa. Juu ya umeme yalikuwa na sentensi moja: chagua waya unaofaa. Papa yako alinisomea sentensi hiyo, tukacheka sote wawili. Kisha akasema hiyo ni kazi yangu.

Nilianza kwa kosa, na lilikuwa kosa la mapenzi. Niliweka waya mnene kila mahali. Kwa kitaa kidogo cha kumulika saa za mbele ya rubani, zile za kupimia mafuta na mwendo, nilileta waya ambao ungezungusha kinu cha mahindi. Nilikuwa najiambia, humu ndani atakaa mume wangu, basi shaba iwe nyingi. Papa yako alizikusanya zote, akazipima mikononi, akatikisa kichwa. Akasema kwa zile nyaya zangu ndege haitaruka, itabakia uani kulinda nyumba.

Alikuwa na haki. Ndege inabeba kila kipande cha shaba unachoiwekea, kila safari, mpaka iishe. Waya mwembamba mno unapata moto, na waya mnene mno unakula kilo ambazo zingekuwa mafuta au mtu. Ikabidi nijifunze upya mimi niliyedhani nazijua nyaya. Kila waya niliuuliza umeme wake na urefu wake, halafu nikauliza na majirani zake. Nyaya kumi zikifungwa pamoja zinapashana joto kama watoto katika kitanda kimoja, na ule ambao ungetosha ukiwa peke yake, katikati ya wenzake hautoshi. Halafu fyuzi. Wateja wangu wote waliamini fyuzi inalinda taa au redio. Fyuzi inalinda waya. Ni lazima ikatike yenyewe kabla waya haujaanza kuungua, kwa hiyo unachagua waya kwanza, na fyuzi unaichagua iwe chini ya uwezo wa waya huo. Mtu akikuambia weka kubwa kidogo kwa sababu hii inakatika ovyo, muulize inakatika kwa nini. Hayo utayasikia huko kwa Kiingereza, na watayasema vizuri kuliko mimi.

Jambo la umeme kurudi lilitutesa zaidi. Papa yako alizoea magari, ambako unapeleka waya mmoja tu mpaka kwenye taa, na umeme unarudi kwa chuma cha gari lenyewe. Mafundi wa garaji wanakiita masi, na hakiuzwi. Ndege yetu ilikuwa mbao, na umeme haurudi kwa mbao. Aliweka waya wa kurudi, lakini aliuweka mwembamba, kwa dharau, kwa sababu maisha yake yote kurudi kulikuwa bure. Taa ikawaka njano, dhaifu, kama macho ya mgonjwa. Tuliizunguka ndege ile siku nzima, tukibadilisha taa, tukilaumu betri, mpaka nikamuuliza huo umeme ukirudi unapita wapi. Akakaa juu ya tairi akacheka mpaka wewe ukaamka. Tangu hapo tulipima safari ya kwenda pamoja na ya kurudi, tukachagua waya kwa urefu wa zote mbili.

Zilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizopewa, Furaha, na wakati ule nilidhani ni siku za kawaida tu. Namwona amelala chali ndani ya tumbo la ndege, turnevisi, yaani bisibisi, mdomoni, ananiomba pensi ya kukatia nyaya kwa kunyoosha mguu. Nakuona wewe chini ya bawa unakula udongo. Naukumbuka mpaka ule ugali ulioungua kwa sababu wote tulikuwa tunatazama kitaa kimoja kama kitawaka. Nikipewa siku moja tu nirudishiwe, sichagui ya harusi, nachagua mojawapo ya zile.

Waya mkubwa, ule wa kutoka kwenye dinamo ya injini mpaka kwenye betri nyuma ya viti, haukupatikana Kamembe. Nilivuka daraja la mpakani kuutafuta Bukavu, nikapata waya wa nyumba, wenye nyuzi saba ngumu za shaba. Unene wake ulitosha kwa hesabu zetu zote. Tulijua kwamba kwenye ndege ni afadhali waya wenye nyuzi nyingi nyembamba, kwa sababu ndege inatetemeka, na uzi mgumu ukitetemeshwa sana unachoka na kukatika. Lakini wa namna hiyo haukuwapo kokote, tukasema huu utafaa.

Sasa, unajua sisi wanawake wa mpaka tulivyokuwa. Ukipita darajani na rola jipya la waya, watu wa forodha wanakuweka pembeni mpaka jioni. Kwa hiyo tulikuwa tunautoa waya kwenye rola, tunaukunja vipande vya urefu wa kiganja mpaka kiwiko, kunja na kurudi, kunja na kurudi, na kila kunjo tunaligonga na mchi wa kinu ili lilale bapa. Tunauzungushia nepi, tunauweka mgongoni, juu yake mtoto, kisha kitenge tunafunga imara. Hakuna mtu wa forodha anayemshusha mtoto aliyelala. Ukifika nyumbani unaunyoosha, unauzungusha upya, unauza. Miaka yote tulifanya hivyo na hakuna mteja aliyelalamika, maana nyumba haitetemeki, na balbu moja haiombi umeme mwingi.

Mtoto wa siku hiyo ulikuwa wewe. Ulilala juu ya waya ule kutoka Bukavu mpaka Kamembe, ukaamka una mistari tumboni kama mkeka. Papa yako alikubeba akakuonyesha majirani, akisema mwanawe amepigwa chapa ya kiwanda. Halafu akaunyoosha waya, akausifu, akaupitisha ndani ya ndege. Sote wawili tulijua ulivyovuka, na hakuna hata mmoja aliyefikiri.

Ruhusa ya kuruka tuliihangaikia muda mrefu, na ilipokuja ilikuwa ya asubuhi moja tu, katika uwanja wa Kamembe, kabla ndege ya abiria haijaja. Rubani mmoja alikubali kuja kutoka Bujumbura. Alipita mpakani Ruhwa kwa pikipiki, amevaa koti la ngozi kwenye joto lile, na sisi tulimwita Commandant kwa sababu hakukataa. Ndege tuliipeleka vipandevipande kwa pikapu, mabawa yakafungwa pale pale. Watu walikuja, Furaha. Soko lilikuwa tupu siku ile. Garaji ilifungwa. Mama yangu, aliyesema tangu mwanzo kwamba ni upumbavu, alikuja na kiti chake na akakaa mbele. Papa yako alikuwa amevaa shati jeupe jipya. Angepanda na Commandant, kiti cha pili, wazunguke juu ya ziwa mara moja na kushuka.

Tulikuwa na desturi. Kila injini ilipowashwa na kuzimwa, kazi yangu ilikuwa kupitisha mgongo wa mkono juu ya nyaya zote, kama unavyompima mtoto homa. Papa yako hakuwahi kuniuliza hesabu, aliuliza tu, wanaendeleaje? Asubuhi ile injini ilinguruma vizuri, watu wakapiga vigelegele, Commandant akaizima ili tuangalie mara ya mwisho. Nikaingiza mkono. Nyaya zote zilikuwa baridi. Waya mkubwa pia ulikuwa baridi, mpaka nilipofika nyuma ya kiti cha kushoto. Pale, sehemu isiyozidi upana wa kidole, ulikuwa na joto. Si moto. Joto tu, kama paji la uso la mtoto anayeanza kuumwa. Nikasogeza mkono mbele, baridi. Nikarudi, joto.

Commandant alipapasa, akasema ni jua, linapiga pale kupitia kioo. Huenda lilikuwa jua. Papa yako hakupapasa. Alinitazama tu, na macho yake yalikuwa yananiomba, mwanangu. Maisha yetu yote hakuwahi kuniomba kitu namna ile.

Sitakudanganya kwamba nilisema mara moja. Niliutoa mkono wangu, nikaufuta kwenye kitenge, nikarudi nyuma mpaka walipokuwa wamesimama watu. Niliwaza ruhusa ya asubuhi moja. Niliwaza shati jeupe. Niliwaza mama yangu atacheka, na soko litacheka, na litamcheka yeye, si mimi. Commandant alipanda, Papa yako akapanda, akaanza kufunga mkanda. Wewe ulikuwa mikononi mwangu, unapunga mkono kwa sababu kila mtu alikuwa anapunga. Nilitembea mpaka pembeni ya ndege.

"Papa Furaha, shuka. Waya iko na homa."

Waliosikia walicheka. Commandant alisema kitu kwa Kifaransa ambacho sikukipenda. Papa yako aliushika mkanda wake bila kuufungua.

"Uko hakika?"

"Hapana. Siko hakika. Shuka."

Akautazama mkanda, akaufungua. Kisha akashuka. Alishuka polepole kama mzee, akapita mbele yangu bila kunitazama, akaenda kuegemea pikapu. Ndege ya abiria ikaja, ikatua, na uwanja ukafungwa kwetu. Watu wakaondoka wawili wawili, wakiongea kwa sauti ya chini kama wanaotoka msibani. Mama yangu alikunja kiti chake akawafuata.

Nyumbani tuliutoa waya. Papa yako alichukua kisu changu cha sokoni akachuna ganda mahali pale. Kati ya nyuzi saba, nne zilikuwa zimekatika, na ya tano ilikuwa imeshikilia kwa ncha. Tulikuwa tumechagua unene sawasawa, kwa akili na kwa hesabu, na katika mahali pamoja, ndani ya ganda zuri lisilo na doa, unene huo haukuwapo. Ni kunjo moja la mchi wangu. Makunjo mengine yote yalikuwa mazima. Umeme wote wa dinamo ulikuwa unajibana kupita kwenye nyuzi mbili na nusu. Nyuma ya kiti pale palikuwa na kitambaa kilichopakwa rangi, na rangi ile inashika moto haraka.

Unadhani alinishukuru? Hata mimi nilidhani. Alirudi garajini kesho yake, na nyumbani akawa mtu wa "ndiyo" na "bado". Ruhusa nyingine haikupatikana. Aliyeisaini alihamishwa, na aliyekuja alisema ndege za uani si ndege. Watu walitufariji kwa kusema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kila waliposema hivyo Papa yako alitoka nje. Kitambaa kikaoza kwa mvua. Mabawa tukajengea banda la kuku, na kuku walitaga vizuri humo, hilo nalo lilimuuma. Mwishowe mwenye kinu cha muhogo akaja kuchukua injini. Papa yako alisaidia kuipakia, akasimama langoni mpaka gari lilipopotea, halafu akaja jikoni nilipokuwa. Lilikuwa neno lake la kwanza la maana tangu uwanjani.

"Niko nakukasirikia, Maman Furaha. Lakini niko nakukasirikia nikiwa muzima."

Kisha akaomba chai. Tukaanza tena kuishi. Miaka mingi baadaye ini likamchukua, taratibu, kitandani kwake, na wewe ulikuwa umeshashika bisibisi na unajua kutofautisha waya kwa kuugusa. Alifurahi kukuona hivyo. Lakini nilimwona mara nyingi, ndege ya abiria ikipita juu, akiacha kijiko hewani mpaka sauti iishe. Hilo nililibeba na bado nalibeba. Kule kusema kweli uwanjani hakukunipa raha niliyotegemea. Nilibaki na mume, mume akabaki bila ndege, na kwa siku nyingi sikujua kama alinisamehe au alizoea tu.

Ndiyo maana sikuambii kwamba ukisema hapana watakushukuru. Pengine watakununia. Pengine watakuita mwoga, na pengine waya ukifunguliwa utakutwa mzima, na utakuwa umewapotezea siku yao bure. Mimi ningesema vilevile hata kama zile nyuzi saba zingekutwa nzima. Unisikie hapo, mwanangu, maana ndipo wewe utakapokwama: utasubiri uwe na hakika kwanza, kwa sababu una heshima. Mkono wako utakuwa umeshajua zamani.

Na sasa nije kwenye lile ambalo si la ndege. Mwaka jana nafasi hii hii ya Nairobi ilikuja. Commandant, ambaye sasa ni mzee na hana tena lile koti, alikuandikia kwamba mafundi wa huko wanakuhitaji. Ulinisomea mara mbili kwa furaha. Mimi nilishika kiuno nikasema mgongo unaniuma, subiri kidogo, nani atasimama sokoni. Mgongo ulikuwa unauma, lakini si kiasi kile. Niliogopa nyumba. Niliogopa kupika sufuria ndogo. Wewe ulisema "Sawa, Maman," ukakunja barua, ukaenda kuchota maji, na nafasi akapewa mwingine. Sikukusikia ukilia. Afadhali ningekusikia. Majuto ni mjukuu, na mimi huyo mjukuu nimemlea mwaka mzima. Kule uwanjani nilimwambia mtu ninayempenda ashuke kwa sababu palikuwa na moto. Mwaka jana nilikushusha wewe, na hapakuwa na moto wowote. Kulikuwa na mimi tu. Nisamehe. Nafasi imerudi mara ya pili kwa neema, na vitu kama hivyo havina desturi ya kuja mara ya tatu.

Barua hii nitaiweka chini ya mto wako. Uisome leo, usiende nayo Nairobi bila kuisoma, kwa sababu neno lililonikalisha hapa ni la kesho asubuhi.

Nitakusindikiza mpaka kwenye basi. Najijua. Hapa kwenye karatasi nina nguvu, lakini kondakta akianza kufunga mizigo juu, nitakushika mkono na nitakuambia ubaki. Nitautaja mgongo. Nitamtaja Papa yako, na hiyo itakuwa hila, nakuambia mapema. Pengine nitalia mbele za watu, na watu watakuwa upande wangu, kwa maana wananijua na wananihurumia. Nitasema mwaka mmoja tu, Furaha, mmoja tu. Usiniambie "Sawa, Maman." Usiniambie utafikiria. Nitazame usoni, useme hapana kwa sauti ya kusikika, kisha upande basi na usichungulie dirishani.

Hapana yako ya kwanza nataka uniambie mimi.

Maman